Dayodi Inayonusa Haidrojeni: Bi Fundi Anajibu Barua Zenu

Katika toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu dayodi ya paladiamu, kidude kinachotambua gesi ya haidrojeni hewani hata ikiwa kidogo mno. Barua zilizofuata zimejaza mkoba, na nyingi hazikutoka maabara. Zimetoka kwa walinzi, wanafunzi, mafundi na akina mama, watu wanaoishi jirani na haidrojeni kila siku kwa sababu betri za risasi na asidi huitoa zinapochajiwa. Mimi nimefanya kazi ya vipimo viwandani, Tanga na Dar es Salaam, na hakuna gesi iliyonifanya nibishane na mameneja kama hii. Ukurasa wote wa mwezi huu nimeipa.

SWALI: Bi Fundi, mimi ni mlinzi wa jengo la ofisi na humsaidia fundi wa umeme. Kwenye chumba cha betri za inveta kuna alamu ya kaboni monoksaidi. Kila umeme ukirudi baada ya kukatika kwa muda mrefu, betri zikichajiwa kwa saa kadhaa, alamu inalia. Jenereta liko nje, upande wa pili wa jengo, na wakati huo linakuwa limeshazimwa. Fundi anasema alamu ni mbovu, ing'olewe. Ni kweli?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ising'olewe. Na kabla sijaeleza sababu, shika utaratibu huu: alamu ya kaboni monoksaidi ikilia, watu watoke, mlango uachwe wazi, ndipo mtafute chanzo. Gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini, na jenereta lililozimwa muda mfupi uliopita linaweza kuwa limeacha moshi wake ndani ya jengo. Usianze kuwaza haidrojeni mpaka umehakikisha kwamba si moshi.

Hata hivyo maelezo yako yananielekeza kwenye betri. Betri ya risasi na asidi haitoi kaboni monoksaidi. Inatoa haidrojeni na oksijeni pale chaji inapokaribia kujaa, mkondo unapokosa kazi nyingine na kuanza kuyatenganisha maji yaliyomo ndani. Kwa betri ya volti 12, mapovu huanza kuonekana kwa wingi karibu na volti 14.4. Sasa, alamu nyingi za kaboni monoksaidi zina kihisi cha kemikali-umeme, na elektrodi yake huiunguza haidrojeni kama inavyoiunguza kaboni monoksaidi. Haiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo huenda alamu yenu ni nzima kabisa, na inachowaambia ni kwamba haidrojeni inajaa chumbani.

Tupige hesabu ili ukazungumze na fundi wako kwa tarakimu. Betri ikishajaa, kila ampea moja inayoendelea kuingia kwa saa moja hutoa takriban lita 0.45 za haidrojeni katika kila seli, kwa joto la kwetu. Tuseme mna betri nne za volti 12, kila moja ikiwa na seli sita ndani yake, zilizounganishwa kupata volti 48. Hizo ni seli 24. Chaja ikiendelea kusukuma ampea 5, mnapata lita 54 za haidrojeni kila saa. Chumba cha mita 2 kwa 2, chenye kimo cha mita 2.5, kina lita 10,000 za hewa. Haidrojeni huanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 4, na hizo ni lita 400. Chumba kikiwa kimezibwa kabisa, ni saa saba na nusu hivi. Usiku mmoja.

Najua hakuna chumba kilichozibwa hivyo. Lakini haidrojeni nayo haisubiri kuenea chumba kizima. Ni nyepesi kuliko hewa mara 14, inapanda na kujikusanya chini ya dari, na huko juu asilimia 4 inaweza kufikiwa mapema kuliko hesabu yetu. Kisha inaendelea kuwa hatari mpaka asilimia 75, masafa mapana kuliko ya gesi ya kupikia. Na cheche inayotosha kuiwasha ni ya karibu milijuli 0.02. Umeme unaoruka kutoka kwenye nguo ya nailoni unaweza kuzidi hapo bila wewe kuhisi chochote kidoleni.

Niliwahi kuingia chumba cha namna hiyo katika hoteli moja ya pwani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao ili baridi ya kiyoyozi isipotee, na alamu ilikuwa imefungwa mkanda ili isisumbue wageni. Nilikiinua kipimo changu cha mkononi kuelekea dari, kikalia. Nilichokipigania siku ile ni kwamba mtu asiguse swichi yoyote mle ndani, hata ya taa, kwa sababu swichi inapoachana hutoa cheche. Chaja ilizimwa kwenye sakiti breka ya koridoni. Mlango ukaachwa wazi, tukasubiri, kisha mbao zikatolewa.

Fanyeni hivi pia: tundu moja la hewa karibu na sakafu, jingine juu kabisa chini ya dari, upande wa pili wa chumba. Kwa kawaida chumba cha betri hupangwa ili haidrojeni isizidi asilimia 1. Chaja ikaguliwe, maana betri nzuri ikichajiwa na chaja nzuri haipaswi kuchemka kwa saa nyingi. Halafu ongezeni kipimo cha haidrojeni chenyewe, kifungwe mahali pa juu kabisa juu ya betri, mbali na tundu la hewa safi. Alamu ya kaboni monoksaidi ibaki palepale, kwa sababu jenereta bado mnalo.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Nasoma diploma ya umeme, mwaka wa pili. Kwa ajili ya mradi wangu nimenunua MQ-8, na muuzaji ameandika kuwa ni kihisi cha nusukipitishi. Wewe uliandika habari za dayodi. Ni kitu kimoja? Na dayodi inajuaje kama haidrojeni ipo, wakati dayodi ninazozijua kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja tu?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kitu kimoja, ingawa vyote viwili ni vya ukoo wa nusukipitishi, yaani vitu kama silikoni ambavyo hupitisha umeme kwa kiasi tu. Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

MQ-8 yako ni rezista. Ndani yake kuna oksidi ya bati inayopashwa moto na hita ndogo. Oksijeni ya hewani hukaa juu ya oksidi hiyo na kushika elektroni, ukinzani ukapanda. Haidrojeni ikija, inaichukua ile oksijeni na kuwa maji, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka. Mjapani Naoyoshi Taguchi aliombea hataza kihisi cha aina hii mwaka 1962, akitafuta njia ya kuzuia milipuko ya gesi majumbani. Ni kifaa cha bei ndogo na kinafaa mradi wako, kinafanya kazi kuanzia sehemu 100 hadi 10,000 kwa milioni, hiyo ya mwisho ikiwa ndiyo asilimia 1. Kasoro yake ni kwamba hukubali na wengine: fungua chupa ya spiriti karibu nacho uone namba zinavyopanda.

Dayodi inafuata njia nyingine kabisa. Zile unazozijua zina silikoni ya aina mbili zilizokutanishwa. Ipo aina nyingine, yenye jina la Mjerumani Walter Schottky aliyeieleza kinadharia mwaka 1938. Hii ni metali iliyolazwa juu ya nusukipitishi. Zinapokutana huinuka kizingiti cha nishati, na elektroni ikitaka kupita lazima iwe na nguvu ya kukivuka. Urefu wa kizingiti ndio unaoamua mkondo uwe mkubwa au mdogo, na uamuzi wake ni mkali: kwa joto la chumbani, kizingiti kikishuka kwa milivolti 60 tu, mkondo unazidi mara kumi. Kikishuka kwa milivolti 120, mara mia. Kwa 180, mara elfu. Mtu wa vipimo akiona kitu cha namna hiyo moyo unamwenda mbio, kwa sababu badiliko dogo upande mmoja linatokea kubwa upande wa pili bila kikuzaji wala transista ya kulikuza.

Inabaki kupata njia ya kuifanya haidrojeni ikishushe kizingiti hicho. Hapo ndipo inapoingia paladiamu. Katika miaka ya 1860 mkemia Thomas Graham, mzaliwa wa Scotland, alionyesha kwamba metali hii humeza haidrojeni yenye ujazo mkubwa kuliko wake kwa mamia ya mara. Molekuli ya haidrojeni ni atomu mbili zilizoshikana. Ikigusa uso wa paladiamu, atomu zinaachana. Kila moja ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya metali kama unyevu wa chumvi unavyopenya ukuta wa nyumba ya mawe kule pwani, mpaka zinatokeza ng'ambo, kwenye mpaka wa metali na nusukipitishi. Hapo zinakaa na kujipanga, chaji chanya upande mmoja, hasi upande wa pili. Safu hiyo nyembamba ya chaji ndiyo inayokishusha kizingiti. Ukiondoa gesi, atomu hurudi juu, hukutana na oksijeni ya hewani, huwa maji, na kizingiti hupanda tena.

Sasa unaona kwa nini dayodi hii haidanganywi kirahisi na spiriti. Molekuli ya spiriti haipenyi paladiamu, wala ya gesi ya kupikia. Kinachopenya ni atomu ya haidrojeni peke yake. Mpaka wa sifa hiyo ni joto: ukiipasha dayodi moto mkali, gesi nyingine zenye haidrojeni ndani yake huvunjika juu ya metali na kuiachia, na dayodi huzisoma pia.

Waliofungua njia hii ni Wasweden. Mwaka 1975 Ingemar Lundström na wenzake, Göteborg, walitangaza transista yenye geti (mlango unaoongoza mkondo) la paladiamu. Ikiwa kwenye joto la nyuzi 150 iliweza kugundua sehemu 40 za haidrojeni katika milioni ya hewa, kwa muda usiofika dakika mbili. Linganisha na asilimia 4 inayolipuka: hizo ni sehemu 40,000 kwa milioni. Kifaa kiliona hatari ikiwa bado mbali mara elfu. Mwaka uliofuata zikaja dayodi, ambazo ni rahisi zaidi kuzitengeneza kuliko transista. Steele na MacIver wa Marekani walitumia paladiamu juu ya salfidi ya kadimiamu, na kundi la Sweden likatumia silikoni.

Silikoni ilikuwa na ukaidi wake. Paladiamu ikilazwa juu ya silikoni tupu, hizo mbili huungana na kufanya kitu cha tatu, na haidrojeni haina tena pa kujipanga. Dawa ilikuwa kuacha katikati utando wa oksidi ya silikoni wa nanomita 2 hivi. Mwembamba kiasi kwamba elektroni bado zinapita, mzito kiasi kwamba metali haili silikoni. Watu walihangaika na utando huo kwa miaka, na hata leo tofauti ndogo ya unene wake inatosha kufanya dayodi mbili zilizokatwa kutoka bamba moja jembamba la silikoni zisome tofauti.

Kwa mradi wako, dayodi ya paladiamu hutaitengeneza nyumbani. Inahitaji chemba isiyo na hewa ya kulazia metali. Lakini lipo jaribio moja ambalo litakufundisha nusu ya somo. Chukua dayodi ya Schottky ya kawaida, kama 1N5817, ifunge kinyumenyume kwenye volti 5 pamoja na rezista ya kiloomu 10, upime volti juu ya rezista. Zitakuwa ndogo sana. Kisha sogeza pasi ya kulehemu karibu na dayodi bila kuigusa. Utaziona zikipanda, na hakuna gesi yoyote iliyoingia. Joto peke yake limewapa elektroni nguvu ya kuvuka kizingiti. Ndiyo maana chipu ya kweli ya haidrojeni huwekewa hita na kipimajoto chake mwenyewe, ikashikiliwa kwenye joto moja, aghalabu zaidi ya nyuzi 100. Moto huo pia hufukuza unyevu na kuharakisha majibu. Andika hili kwenye ripoti yako, na MQ-8 uiache imewashwa siku mbili kabla ya kuanza kuamini namba zake.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya ili mtu ajue inapovuja. Mbona haidrojeni isitiwe harufu hiyohiyo, tukaachana na gharama za vihisi?
Mwalimu, Voi

JIBU: Harufu ile ni ya misombo ya salfa, mwalimu, na salfa ni sumu kwa paladiamu na platinamu. Inakaa juu ya uso wa metali na kuziba mahali ambapo haidrojeni ingeachana. Seli za mafuta zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme zingeharibika, na vihisi navyo vingeharibika. Tena haidrojeni hupita kwenye vitundu ambavyo molekuli nzito ya harufu ingepita kwa taabu, kwa hiyo gesi ingetangulia na harufu ingefuata baadaye.

Nikuongezee la darasani. Mwali wa haidrojeni mchana karibu hauonekani, na joto unaloangaza ni dogo, kiasi kwamba mtu anaweza kuukaribia bila kujua. Mafundi wa roketi huko Marekani walikuwa wakitembea na ufagio wa nyasi wameunyoosha mbele. Ukishika moto, wamejua mwali uko pale.

Na pua inahitaji mtu awepo. Juni 2019 kituo cha kujazia magari haidrojeni huko Sandvika, karibu na Oslo, kililipuka. Uchunguzi ulikuta boliti za kizibo kwenye tangi la shinikizo kubwa hazikukazwa ipasavyo, gesi ikavujia hapo. Vituo vya namna hiyo hujiendesha vyenyewe, dereva anajaza na kuondoka. Kinacholinda ni kifaa kisicholala.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Fundi. Niko Muscat, kazi yangu ni vipimo katika mtambo wa gesi. Tumeletewa kihisi cha dayodi, paladiamu juu ya silikoni. Tumekifanyia kalibresheni kwa gesi ya chupa iliyochanganywa na hewa, kikawa sawa. Tulipokipeleka kwenye bomba la naitrojeni tunayosafishia mitambo, kikapiga juu kabisa, ilhali maabara inasema haidrojeni ni chembe tu. Na kushuka kwake ni polepole mno. Kimeharibika? Na je, kwa jua la huku, hakitaungua?
Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hakijaharibika. Kimefanyishwa kazi katika mazingira ambayo hakikufundishwa.

Juu ya paladiamu kuna kazi mbili zinazoshindana. Haidrojeni inaachana na kuingia ndani. Oksijeni inazikamata atomu zake juu ya uso na kuzitoa kama maji. Kinachosomwa na kihisi ni kile kilichobaki baada ya ushindani huo. Hewani oksijeni ni nyingi, karibu asilimia 21, na hula sehemu kubwa ya haidrojeni kabla haijafika mpakani. Kwenye naitrojeni hakuna wa kuila. Chembe chache kwa milioni zinatosha kuujaza mpaka wote, na kihisi kikishajaa hakina tena cha kusema. Kwa sababu hiyohiyo kinachelewa kushuka: hakuna oksijeni ya kuja kuziondoa atomu zilizokwisha kuingia.

Tiba ni kukifanyia kalibresheni, yaani kukisahihisha kwa gesi ya kiasi kinachojulikana, kwa gesi inayofanana na ile kitakayoishi nayo. Kwa bomba la naitrojeni, chupa iwe na haidrojeni ndani ya naitrojeni. Kwa chumba cha pampu, iwe ndani ya hewa. Nimeona mara nyingi mno chupa ya gesi ya kupimia ikichukuliwa kwa kutazama asilimia ya haidrojeni tu, maandishi madogo ya chini yasisomwe. Yasome. Kihisi kilichopangwa vibaya ni hatari kuliko ukuta mtupu, kwa sababu watu hukiamini.

Ningependa pia ujue kiwango cha juu cha haidrojeni unachokitarajia. Dayodi ni hodari kwenye kiasi kidogo. Majibu yake hupungua kasi kadiri gesi inavyoongezeka, na ikifika asilimia kadhaa inakuwa vigumu kutofautisha nyingi na nyingi zaidi. Isitoshe, paladiamu tupu ikishiba haidrojeni kwenye joto la kawaida hubadilika umbo la ndani, inavimba, inatoa malengelenge na kubanduka. Ndiyo maana hutengenezwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali: paladiamu na fedha au paladiamu na nikeli. Watafiti wa maabara ya Sandia, New Mexico, Marekani, walikwenda mbele zaidi: kwenye chipu moja waliweka transista ya kusoma kiasi kidogo na rezista ya aloi ya kusoma kiasi kikubwa, pamoja na hita na kipimajoto. Uliza waliowaletea kama chenu kina rezista hiyo. Kama hakina, usikitegemee kwa mvujo mkubwa.

Kuhusu jua, usihofu kwa ajili ya dayodi yenyewe. Hita yake inaishikilia kwenye joto lililo juu kuliko kiangazi chochote cha Muscat. Linda kisanduku cha elektroniki kwa kivuli. Silikoni huanza kushindwa ikipita nyuzi 200 na kitu, kwa sababu joto linazalisha elektroni nyingi mpaka kizingiti hakina maana tena. Kwa kazi za moto zaidi hutumika kabidi ya silikoni au naitridi ya galiamu, ambazo pengo lao la nishati, yaani nishati inayohitajika kuzifungua elektroni, ni karibu mara tatu ya lile la silikoni. Kule Linköping, Sweden, vihisi vya kabidi ya silikoni vimejaribiwa ndani ya moshi wa injini za magari.

Nchini Marekani kilichowasukuma watafiti kwenye dayodi hizi ni roketi. Mwaka 1990 safari za vyombo vya anga za juu Columbia na Atlantis zilicheleweshwa kwa miezi kwa sababu ya haidrojeni iliyokuwa ikivuja na mahali inapovujia pasijulikane. Mashine kubwa za kuchambua gesi zilikuwepo, zikivuta sampuli kwa mirija, lakini hazikuweza kusema tundu liko wapi. Kituo cha utafiti cha NASA, shirika la anga la Marekani, huko Cleveland kikajikita kwenye dayodi za aloi ya paladiamu na fedha, vihisi vidogo vya kutawanywa sehemu nyingi, kila kimoja kikisema habari za mahali pake. Nalisema hili kwako kwa sababu naona mitambo mingi mipya inanunua kihisi kimoja cha gharama na kukifunga katikati ya ukumbi. Bora vitano vya wastani, kila kimoja juu ya kiungo cha bomba kinachoweza kuvuja.

Mwisho, mkiwa na haidrojeni salfaidi katika mtambo huo, jaribuni kihisi kwa gesi ya chupa mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema. Salfa hainyamazishi kihisi kwa kishindo. Kinaendelea kuonyesha sifuri, na sifuri ya kihisi kilichokufa inafanana na sifuri ya hewa safi. Mafundi wakitumia gundi ya silikoni ya kuzibia vioo karibu na vipimo, nayo ni adui, hasa kwa vihisi vya kichocheo vinavyounguza gesi.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, kijijini. Betri yetu ya sola iko chumbani tunapolala, chini ya kitanda. Mume wangu alisoma safu yako akasema tununue hicho kihisi. Kinauzwa bei gani?
Mama wa Kigoma

JIBU: Mama, msinunue. Itoeni betri chumbani.

Betri moja ya nyumbani, kwenye nyumba yenye nafasi kati ya ukuta na paa, haiwezi kwa urahisi kujaza chumba haidrojeni. Hatari iliyo karibu nanyi iko ndani ya betri yenyewe. Ile nafasi iliyo juu ya maji, chini ya kifuniko, hujaa haidrojeni na oksijeni kila siku ya jua. Waya uliolegea ukipiga cheche kwenye nguzo ya betri, au mtu akifungua kizibo na kumulika kwa kibatari ili aone maji, betri hupasuka na kurusha asidi usoni. Mtoto akiwa amelala juu yake ni jambo nisilotaka hata kuliwaza.

Iwekeni barazani, ndani ya kisanduku cha mbao chenye matundu juu na chini, kimeinuliwa kutoka ardhini na kina kufuli ili watoto wasifike. Waya zikazwe kwa spana, si kwa kuzungusha kwa mkono. Ukitaka kuzitoa, zima taa zote kwanza na utenganishe paneli upande wa kontrola (kile kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli), ili waya wa betri uwe hauna mkondo wakati unaufungua. Maji yaongezwe mchana, yawe yale yaliyosafishwa ya betri. Asidi ikimrukia mtu machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika ishirini hivi bila kukatisha, halafu mpelekeni kituo cha afya.

Betri zilizofungwa kabisa hutoa gesi kidogo, lakini zikichajiwa kupita kiasi nazo hupumua, kwa hiyo zikae nje vilevile. Za lithiamu hazitoi haidrojeni zikichajiwa kama kawaida, ingawa zina masharti yao ambayo tutayazungumza siku nyingine. Na pesa mliyotaka kununulia kihisi, nunulieni chaji kontrola nzuri. Ikikata chaji kwenye volti inayotakiwa, betri haichemki, na haidrojeni ya kuigundua inakuwa ndogo sana.